Uzi Kinyonga

Mavyaa alisema bila kuinua macho:
pamba ni ya kufungia mifuko ya mchele.
Kumihimo ni hariri.
Basi.

Ulikuwa mwaka wangu wa kwanza hapa Iga,
ambako ukungu hulala bondeni hadi saa nne asubuhi
na hakuna anayethubutu kuuamsha.
Yeye mbele ya marudai yake, kigoda cha duara kilichong'arishwa na viganja,
vitonge vyenye risasi ndani vikigongana, ko, ko,
hariri ikishuka katikati kama jambo lililokwisha amuliwa.

Mimi pamba yangu niliinunua duka la madaftari na gundi.
Mabonge mawili. La kwanza jeusi tii.
La pili halina msimamo:
buluu shibiri mbili, ikafifia ikawa maji ya mchele,
ikaiva ikawa rangi ya kisamvu, ikaungua kidogo,
kisha buluu tena, kana kwamba haikwenda popote.
Nikauita uzi kinyonga.

Kigoda sikuwa nacho. Nilikuwa na kisahani cha sponji,
mikato thelathini na miwili ukingoni, tundu katikati,
na sarafu tatu za yeni tano, nazo zina matundu,
nilizozifunga chini ili kamba ijue pa kwenda.
Nikitoka zamu kliniki ya meno, nasuka kwenye treni.

Wa juu kulia, shuka.
Wa chini kushoto, panda.
Geuza.

Nyeusi nne hukaa unapoziweka.
Kinyonga nne hazikuambii zitatokea wapi.
Unapanga mstari uzunguke kama ngazi,
unapata mawingu;
halafu ghafla, karibu na kituo cha Inako,
buluu zote nne zinakutana upande mmoja,
abiria wanne wasiojuana
wenye miavuli ya rangi moja.

Siku moja kondakta aliniuliza tiketi,
nikaiweka kazi mapajani nyuzi zikiwa mbili mbili.
Niliporudi sikujua nilikuwa naenda wapi.
Nikageuza kinyume.
Kosa dogo, kama goti lililoteguka katikati ya kamba.

Mavyaa aliliona kabla sijavua viatu.
Akalipitishia ukucha. Akanyamaza muda wa chai kupoa.
"Usiache kazi ikiwa sawa," akasema.
"Iache moja juu, tatu chini.
Ukirudi, nyuzi zenyewe zitakuambia ulipofika."
Akarudi kwenye hariri yake.
Nilikaa pale mlangoni na kiatu kimoja.

Februari ile maji ya bomba yalikuwa na meno.
Ngozi ya vidole vyake ilipasuka, mafuta hayakuingia,
na hariri, ambayo haisamehe kitu,
ikaanza kunasa.
Nilisikia kutoka jikoni: tss.
Ko, ko. Tss.
Halafu hakuna ko.

Alikuwa anakitazama kidole gumba
kama mtu anayesoma barua ya benki.
"Ile pamba yako ya mifuko ya mchele," aliuliza ukutani,
"imebaki?"

Sponji hakuitaka; alisema ni kitu cha kuoshea sufuria.
Akaitundika pamba kwenye marudai, akailalamikia:
ina manyoya, nyepesi, haina sauti.
Akapanga kinyonga wake wapande kwa mstari,
wakakataa.
Akafumua.
Wakakataa tena. Akafumua, akanitazama
kana kwamba nilikuwa nimewafundisha.
Mara ya tatu aliwaacha.
Nilimwona akisimama pale buluu zilipokutana,
akainamisha shingo, akasema "hee,"
kwa sauti ambayo sijawahi kusikia akimpa mtu.

Jana nimekuta mfuko wa mchele chini ya rafu
umefungwa kwa kamba ile,
fundo la sherehe, masikio mawili,
la zawadi za harusi.
Hakusema kitu. Nami sikuuliza.
Nilipima vikombe viwili, nikajitahidi kulifunga upya, nikashindwa.

Sebuleni hakukuwa na mtu. Kigoda kilisubiri na pamba yake.
Moja juu,
tatu chini.